Kiu ya Mafuriko

Mto Nyando ulipoingia Kidato cha Tatu bila hodi
na kukalia madawati kama mwanafunzi mgeni,
tulihamia kanisani, ng'ambo ya lami, pale Ahero.
Mwalimu Makokha akaegemeza ubao madhabahuni,
suruali kaikunja hadi magotini,
mguu mmoja buti la mpira, wa pili kiatu cha harusi yake,
akaandika kwa chaki iliyolowa:
TANAKUZI.

"Chukueni maneno mawili yasiyosalimiana," akasema,
"myalaze kitanda kimoja.
Asubuhi mkiyakuta hai, mmepata."

Obura akainua mkono mbio: "Moto baridi!"
"Hao umewafunga mikia tu, kama paka wawili.
Moto huo uliuona wapi? Ulimpikia nani?"
Obura akaketi. Benchi likalia badala yake.

Chepkirui, ambaye babake huteremsha maziwa kutoka Nandi,
akajaribu: giza linalong'aa.
"Zuri. Ila limevaliwa na wengi,
kola imekwisha."

Tukanyamaza.
Nje, lori la maji lilipita polepole
katikati ya maji,
likipiga honi, likiuza maji,
dumu shilingi hamsini,
na wanawake wakilifuata, maji viunoni,
madumu matupu vichwani.

Atiang' hakuinua mkono.
Alisema tu, uso dirishani:
"Kiu ya mafuriko."

Chaki ikakatika.
Mwalimu hakusema vyema, hakutuambia tupige makofi.
Aliandika maneno yale kwa kipande kilichosalia,
akaketi kwenye ngazi ya madhabahu,
akavua kile kiatu cha harusi, akamwaga maji.
"Hii hakuitunga," akasema. "Ameiokota.
Pale dunia ilipopinda, lugha nayo hujipinda
ipate kupita.
Kesho kila mtu alete moja kutoka kwao,
na isiwe ya kukopa."

Kwetu wakati huo kulikuwa darasa la kwanza la shule ya msingi,
mkeka chini ya chati ya alfabeti,
familia tano, jiko moja, a e i o u.
Mama alikuwa anachambua mpunga tuliouokoa,
nao ulikwisha chipua ndani ya gunia,
kijani kibichi, chakula kilichokataa kuliwa.
Nikamwuliza: Mama, nipe neno linalojipinga.
Akacheka, mara ya kwanza tangu maji.
"Wewe mwenyewe unaitwaje?"

Ajwang'.
Wawili walinitangulia, hawakumaliza mwezi.
Nilipokuja mimi, wakanilaza njiani juu ya jani la mgomba,
jirani akapita "akaniokota",
mama akaninunua tena kwa kuku mmoja, mwenye kilema cha mguu,
wakaniita Aliyetupwa,
ili kifo kikipita kione kitu kisicho na mwenyewe,
kiendelee na safari zake.
Kila anitaye hunitupa
nisipotee.

Nilisoma hayo kesho yake, daftari likitetemeka.
Hata Obura hakucheka.
Mwalimu aliangalia maji sakafuni,
akaangalia sana.

"Kwetu Bungoma," akasema mwishowe,
"Makokha ni jaa. Pale wanapotupa maganda na majivu.
Mama aliniita kwa sauti kila jioni,
kijiji kizima kisikie asivyonitaka.
Usiku alikuwa akiamka
mara tatu kunifunika."

Akafuta ubao kwa mkono wa shati.
Akasahau kutupa kazi ya ziada.
Akafungua rejista, kurasa zimevimba kama mkate,
akaanza kuita majina upya, moja moja,
kama mtu anayesoma shairi asilolijua.

"Ajwang'."

"Nipo."